Mbweha Anayewakimbiza Mbwa

Nyumba Na. 12, Chapel Row,
Brackenthorpe, Derbyshire.
3 Juni 1974

Kwa Bwana Aubrey Pilsworth,
Katibu, Chama cha Wakusanyaji wa Vyombo vya Udongo Mgumu,
Leamington.

Mimi mzima, hofu kwako, na hiyo hofu uanze kuwa nayo sasa hivi, maana nimekasirika.

Naitwa Royston Tagg, miaka kumi na saba. Mimi na shule tuligombana nikaiacha kabla haijaniacha. Kazi yangu ni kuchimba majalala ya kale: chupa za bia ya tangawizi, mitungi ya siki, mabakuli ya siagi, vyote vya udongo uliochomwa mpaka ukawa jiwe. Wilaya nzima hakuna mwenye jicho kama langu. Nifunge kitambaa usoni, nipe kigae nikilambe, nitakuambia. Cha udongo laini kinang'ang'ania ulimi. Kigumu kinateleza. Wewe umewahi kulamba? Hujawahi.

Sasa sikia. Mkutubi wa hapa kanionyesha jarida lenu, ukurasa wa tisa, maneno yako mwenyewe: "Mwaka 1887 kiwanda cha Septimus Oldroyd, Brackenthorpe, kilimfukuza msichana aliyeharibu trei nzima ya majagi ya uwindaji kwa kubandika picha kinyume, kwa uzembe na ujinga. Majagi yote yalivunjwa."

Huyo msichana ana jina. Keziah Brough, mama yake Bibi yangu Winifred. Hakuwa mzembe wala mjinga. Alifanya makusudi. Bibi ana miaka themanini na mitano na maisha yake yote amekuwa akiimbiwa: shuleni, kanisani, dukani kwa mchinja nyama, "Mama yako hajui mbele wala nyuma!" Na sasa nasikia tarehe 14 Septemba kuna maonyesho ya vyombo vya Oldroyd ukumbini hapa mjini na vibandiko vyote vya maelezo unaviandika wewe. Bibi anataka kibandiko kimoja tu kiseme kweli kabla hajafa. Kimoja.

Halafu si majagi yote yalivunjwa. Moja liko mbele yako. Lifungue taratibu. Utaona bwana juu ya farasi katangulia anakimbia, mbwa wanamfuata mkia chini, na nyuma ya wote mbweha anawakimbiza. Keziah alimwambia Bibi kwamba jina lake kaliandika humo, mahali ambapo Oldroyd asingeona. Tumemulika tochi ndani, tumechungulia chini, hatujaona kitu. Pengine wewe na miwani yako.

Neno moja la mwisho, na usilipuuze. Lishike kwa mikono miwili, chini ya tumbo. Usilinyanyue kwa mshikio. Sijui kwa nini, ila kwetu atakayegusa huo mshikio Bibi anamchapa mkono, na yeye alichapwa na mama yake.

Ni mimi,
Royston Tagg, bingwa.


Leamington,
11 Juni 1974

YAH: JAGI LAKO

Kijana Tagg,

Barua yako ya tarehe 3 imenifikia pamoja na jagi. Jagi limewasili zima, bila dosari yoyote. Kuhusu barua siwezi kusema hivyo.

Nitakuwa mfupi. Hicho ni chombo cha kuiga, kilichofanywa pengine miaka arobaini iliyopita ili kuwauzia watalii kisa chenyewe. Ngozi ya chumvi inayotupwa tanurini, ile yenye vinundu kama ganda la chungwa, imelala vizuri, nakubali. Lakini kitakoni hakuna muhuri wa Oldroyd, na Oldroyd alipiga muhuri kila chombo. Tena mbweha ana sikio moja. Hii ina maana kwamba kalibu iliyofinyangiwa picha hiyo ya udongo ilikuwa na pengo, na Oldroyd hakuwa mtu wa kutumia kalibu mbovu. Nimeangalia ndani na nje kwa kioo cha kukuzia. Jina hamna.

Hadithi ya "makusudi" ni ya kifamilia, na familia husema mambo. Msichana wa miaka ishirini, asiyejua kusoma vizuri, anabandika picha mia tatu kwa siku; akikosea, amekosea. Kibandiko cha maonyesho kitabaki kama nilivyoandika jaridani.

Nitalibakiza hapa jagi kwa uchunguzi wa kawaida na kulirejesha kabla ya Juni kuisha.

Nimeshika vyombo vya aina hii kwa miaka thelathini na minne, na kila mwaka nawaandikia wanachama wasinyanyue chombo cha kale kwa mshikio. Sihitaji kufundishwa hilo na mtu anayelamba vigae.

Wako,
A. Pilsworth
Katibu


Brackenthorpe,
16 Juni 1974

Bwana Mkubwa Pilsworth,

Mimi mzima. Wewe sijui, maana mtu mwenye ubishi namna hiyo lazima tumbo linamsumbua.

Eti cha kuiga! Nimeisoma barua yako kwa sauti pale kwenye benchi la nje ya baa na mpaka mbwa wa Harold Stopes kainuka kaondoka.

Nikueleze Keziah kwa nini alifanya vile, halafu useme tena "amekosea". Oldroyd alikuwa mtu wa kuwinda. Siku moja yeye na genge lake walipita juu ya kabichi za babake Keziah, farasi kumi na nne, na mbwa wakamrarua paka mlangoni, mama yake Keziah akitazama. Oldroyd akacheka. Akasema, "Mtapata paka mwingine." Wiki mbili baadaye akaagiza majagi kumi na mawili ya uwindaji awagawie rafiki zake hao hao, na kazi ya kubandika akapewa Keziah. Sasa wewe mwenye miaka thelathini na minne niambie: mtu anakosea mara kumi na mbili, kosa lile lile, bila kuteleza hata mara moja?

Tanuri likafunguliwa mbele ya wageni. Oldroyd kasimama na fimbo yake, kifua mbele. Yakatoka moto moto, yanang'aa, na yeye kwenye kila moja anamkimbia mbweha. Mgeni mmoja akaanza kucheka. Kumi na moja aliyapiga fimbo pale pale. La kumi na mbili lilikuwa chini ya aproni ya Keziah. Unauliza muhuri uko wapi? Kitako kingepigwa muhuri na msimamizi, na Keziah alihakikisha trei yake haipiti kwa msimamizi. Nakufundisha bure.

Sasa shika kiti. Jalala la Oldroyd liko chini ya bustani ya Mjomba Walt, chini kabisa ya vitunguu liki anavyovilea kwa mashindano ya Septemba. Anavilea kuliko alivyotulea sisi. Ijumaa yeye yuko kwenye njiwa wake, mimi nikazama futi tano. Nimetoa vigae kumi na tisa vya majagi yale yale. Angalia kwenye boksi hili. Mbweha nyuma, mbwa mbele. Na sikio? Moja! Pengo lile lile la kalibu, mahali pale pale. Na hicho kigae kikubwa cha kitako hakina muhuri, lakini kilikuwa kimegandana na kigae cha mtungi wenye muhuri wa Oldroyd wazi kama mchana; vilichomwa bega kwa bega vikashikana. Kilambe ukipenda.

Mjomba Walt kaona shimo. Ananitafuta na jembe.

Rudisha jagi, rekebisha kibandiko, tuachane kwa heri.

Royston Tagg,
bingwa, sasa mara mbili.


Leamington,
2 Julai 1974

YAH: VIGAE

Kijana Tagg,

Vigae vimefika tarehe 18 Juni. Vina kiasi fulani cha umuhimu.

Kabla sijaendelea naomba unijibu kwa maandishi: je, jagi lilipotumwa lilikuwa na ufa wowote, hata mdogo, karibu na mshikio? Je, lilifungwa vipi? Je, nyumbani kwenu liliwahi kuanguka? Unafahamu kwamba posta hutupa vifurushi hovyo.

Kuhusu kulirejesha, kwa sasa haiwezekani. Uchunguzi unaendelea.

A. Pilsworth


Brackenthorpe,
5 Julai 1974

Pilsworth,

Leo ubwana nimeuvua.

Juni imeisha. Niliangalia kalenda ya mchinja nyama, imeisha kabisa. Jagi liko wapi?

Unaniuliza ufa. Ufa gani? Nina barua yako hapa, nimeibandika ukutani juu ya kitanda: "Jagi limewasili zima, bila dosari yoyote." Mwandiko wako huo, na sahihi yenye mkia kama wa nguruwe. Nililifunga kwa fulana tatu za sufu za Bibi, nyasi kavu, na mto wa kochi. Halafu boksi lenyewe nilianza kwa kulijaribu na yai: nikaliangusha ngazi zote kumi na moja na yai likatoka zima, tukalila. Kwa hiyo posta iache.

Mimi najua unachofanya. Umeona vigae, umejua jagi ni la kweli, la pekee duniani, umelipenda. Sasa unatafuta ufa ili useme ni bovu ulipate kwa ubwete. Wakusanyaji nawajua. Mzee mmoja alikuja hapa akamnywesha chai mjane wa Stopes, mama yake Harold, siku tatu mfululizo kwa ajili ya chupa moja ya buluu. Alipoipata hata kikombe hakurudisha jikoni.

Na wakati unachunguza, Bibi ameanguka ngazini. Nyonga. Yuko kitandani sebuleni, uso kaelekea ile rafu ambayo jagi lilikuwa, pana duara safi katikati ya vumbi. Kila asubuhi ananiuliza, "Limerudi?" Namwambia, "Kesho, Bibi." Nimemwambia kesho mara kumi na tano. Mimi ni mwongo mzuri, uliza mwalimu yeyote, lakini huu uongo sasa unanichosha.

Lete.

R. Tagg


Leamington,
12 Julai 1974

YAH: PENDEKEZO

Bwana Tagg,

Nasikitika kusikia habari za bibi yako.

Kwa nia ya kumaliza jambo hili, nakutumia kwa njia ya reli jagi la uwindaji lililotengenezwa London mwaka 1870, lenye ukingo wa fedha, mbwa sita, na wawindaji wawili. Ni chombo bora kuliko vyote nilivyonavyo. Kimekuwa juu ya meza yangu tangu mke wangu alipokuwa hai. Naomba bibi yako akipokee kuwa chake, badala ya kile.

Naomba pia asiulize zaidi.

A. Pilsworth


Brackenthorpe,
20 Julai 1974

We mzee,

Limefika hilo la fedha. Zuri. Mbweha yuko mbele anakimbia kama anavyotakiwa, kila mtu yuko mahali pake. Bibi kalitazama kama mtu anavyotazama mgeni aliyekaa kwenye kiti cha mumewe.

Akaniuliza, "Nani kaleta hili?"
Nikamwambia, "Yule wa Leamington. Eti badala ya lile."
"Badala?" Akafumba macho. "Mwambie mimi sijauza mama."

Hilo jagi lako sasa meno ya Bibi ya bandia yanalala humo. Yanalala vizuri, yameacha kugonganagongana. Ukija kulichukua, leta glasi nyingine.

Nakuja mimi. Jumamosi, tarehe 27, treni ya asubuhi. Nimemwambia Mjomba Walt nitamzibia shimo la bustani kwa mwezi mzima ili anipe nauli. Kwa hiyo ujue, kila kopo la udongo nitakalobeba, nabeba kwa jina lako. Kaa nyumbani.

R. Tagg


(Kipande cha karatasi, kilichosukumwa chini ya mlango)

Jumamosi, 27 Julai

Nimebisha dakika arobaini. Jirani yako mwenye paka mweupe kasema hujatoka tangu jana. Pazia la juu limetikisika mara mbili. Upepo hakuna.

Sikuja kupigana. Nilikuja kuchukua jagi la mtu mgonjwa. Njiani nilikuwa nimejipangia matusi kama ishirini, mengine mapya kabisa, na hata moja sijalitumia. Nimechoka.

Siku moja utaeleza.

Royston


Leamington,
1 Agosti 1974

Bwana Royston Tagg,

Pazia lilitikiswa na mimi.

Sina haki ya kukuomba usome hadi mwisho, lakini soma hadi mwisho.

Tarehe 18 Juni nilifungua boksi lako la vigae. Nilipoona sikio la mbweha, sikulala. Asubuhi ya tarehe 19 niliinuka mezani nikakimbilia rafu ili nilinganishe jagi na vigae kwenye mwanga wa dirisha, na katika haraka hiyo nililinyanyua kwa mshikio. Kwa mkono mmoja. Miaka thelathini na minne nimeandika, nimehutubu, nimewakemea watu wazima mbele ya wake zao kwa kosa hilo.

Jagi lilinyanyuka kiasi cha upana wa kiganja. Kisha nikabaki na mshikio mkononi, na jagi likaangukia zuliani. Halikupasuka. Ila mshikio, uliofinyangwa kama mbwa mwembamba aliyejikunja, umebanduka pande zote mbili, safi, kana kwamba ulibandikwa juzi.

Sasa nikueleze jambo ambalo nimelificha majuma sita, nalo ni kubwa kuliko hilo. Mshikio hubandikwa hivi: fundi huukwaruza udongo mbichi kwa sindano, mikwaruzo ya kukatizana, hupaka uji wa udongo, kisha hukandamiza. Mikwaruzo ndiyo inayoshika. Keziah Brough hakukwaruza. Aliandika.

Pale juu, palipofunikwa na kichwa cha mbwa, pameandikwa KEZIAH. Pale chini, palipofunikwa na miguu yake, pameandikwa KUSUDI.

Nimeweka karatasi juu yake nikasugua kwa penseli. Karatasi zote mbili zimo humu. Herufi ya Z imegeuzwa; zilizobaki hazina kosa.

Herufi hazishiki kama mikwaruzo. Alijua tangu siku ile kwamba mshikio huo hautabeba uzito, na ndiyo sababu alimchapa bibi yako mkono, na bibi yako akakuchapa wewe. Wewe ulinionya. Nilikujibu kwa kejeli.

Niliona maneno hayo siku ile ile niliyolivunja. Kukuambia moja kulikuwa kukuambia lote. Kwa hiyo nilikuuliza habari za ufa nikitumaini ungekuwepo. Nilikutumia jagi la marehemu mke wangu nikitumaini lingetosha. Wakati wote huo ushahidi wa bibi yako ulikuwa ndani ya droo yangu, na yeye yuko kitandani anauliza.

Jagi nalituma kwa mtu maalumu, kesho. Mshikio uko kwenye kisanduku cha pekee. Naweza kuubandika kwa gundi mpaka mtu asione alama. Nasubiri amri yenu.

Aubrey Pilsworth


Brackenthorpe,
6 Agosti 1974

Pilsworth,

Limefika. Liko kwenye duara lake la vumbi.

Barua nilimsomea Bibi juzi, kabla ya jagi. Nilipofika pale pa "kwa mkono mmoja" alicheka mpaka nikamshika asianguke tena. Nilipofika pale pa chini akageukia ukutani. Nikadhani kalala. Nikakunja karatasi.

Akasema, "Soma tena lile la chini."
Nikasoma. KUSUDI.
"Tena."
Nilisoma mara sita. Mara ya saba akaitikia mwenyewe.

Mimi bado nakuchukia, tuelewane. Majuma sita! Ningekuwa mimi nimevunja, ningekuambia siku hiyo hiyo, halafu ningekimbia. Hata uhuni una adabu zake. Na ile ya kuniuliza kama lilikuwa na ufa, hiyo nitaisimulia mpaka nizeeke, kwa wajukuu, na nitaongeza chumvi kuliko Oldroyd kwenye tanuri lake.

Sasa andika, hizi ni amri za Bibi, kasema mwenyewe, mimi ni mkono tu:

Gundi asiguse. Mama aliandika ili isomwe. Jagi litaenda kwenye maonyesho bila mshikio, na mshikio utalazwa pembeni, maneno yatazame watu. Kibandiko aandike huyo huyo aliyeandika jaridani, kwa mkono wake, si kwa mashine. Aseme nani alitengeneza. Aseme alifanya makusudi na kwa nini, na paka atajwe. Na aseme nani alivunja. Majina yote mawili, herufi ukubwa mmoja. Mama alibeba jina la kuharibu miaka sitini mpaka kaburini na hakuharibu kitu. Na huyu abebe lake mchana mmoja.

Amemaliza. Kaomba chai.

Jagi lako la fedha nimeliosha. Meno yamehamishwa.

Royston Tagg


Leamington,
4 Septemba 1974

YAH: KIBANDIKO

Bwana Tagg,

Kibandiko nimekiambatisha ili bibi yako akiidhinishe. Jarida la mwezi huu limechapisha masahihisho yangu, ukurasa wa kwanza.

Nalalamika, kwa kumbukumbu tu, kwamba si desturi kumtaja aliyevunja. Kama ingekuwa desturi, majumba ya makumbusho yangejaa majina yetu. Lakini nimeandika:

"Jagi la uwindaji, kiwanda cha Oldroyd, 1887. Limetengenezwa na KEZIAH BROUGH, ambaye aliuweka uwindaji kinyume kwa makusudi, kwa sababu ya kabichi za babake na paka wa mamake. Jina lake na neno lake viko chini ya mshikio. Mshikio umevunjwa na AUBREY PILSWORTH, 1974."

Herufi nimezipima kwa rula.

A. Pilsworth


Brackenthorpe,
15 Septemba 1974

Bwana Pilsworth,

Mimi mzima, na Mjomba Walt mzima pia ingawa liki zake zimeshika nafasi ya nne na anasema ni shimo langu.

Umeacha miwani yako mezani pa ukumbi, naituma na barua hii. Ulitoka mbio mno. Na kwa kuwa jana muda wote ulikuwa umeinamisha kichwa kama farasi wa mkokoteni wa makaa, nakuandikia uliyoyakosa.

Watu walijipanga mpaka nje. Mjane wa Stopes kasoma kibandiko kwa sauti akafika kwa paka akalia, halafu akafika kwako akacheka, hajakaa vizuri mpaka leo. Wale wazee wa dukani kwa mchinja nyama, waliokuwa wakimwimbia Bibi, wamepita mbele ya jagi kofia mkononi. Mmoja, Enoch Varley, kamsogelea Bibi kwenye kiti chake cha magurudumu, kasema, "Winnie, tulikuwa watoto." Bibi kamwambia, "Wewe mwaka jana ulikuwa mtoto, Enoch?"

Hapo ndipo alipokuita. Hukumwona uso, mimi nilimwona.

"Ndiye wewe?"
"Ndiye mimi, mama."
"Nipe."

Nikiri kitu, na usikirudie kwa mtu. Ulivyolinyanyua jana, viganja viwili chini ya tumbo, pumzi umezizuia, sijawahi kuona chombo kikinyanyuliwa vizuri vile. Hata mimi sinyanyui hivyo.

Bibi macho yake hayaoni tena vizuri. Ulidhani anatazama, lakini alikuwa anasoma kwa kidole, polepole, ndani ya zile herufi. Akafika mwisho. Akasema kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia: "Kusudi."

Halafu akakuuliza, "Na wewe ulipolinyanyua kwa mshikio, ulikusudia?"

Ukasema, "Hapana, mama. Ulikuwa uzembe."

"Basi andika."

Nilikupa penseli yangu mwenyewe, ile niliyoitafuna ncha. Umeongeza maneno mawili mwishoni mwa kibandiko mbele ya watu wote, na rula hukutumia, na mwandiko umekwenda upande. Mpaka ukumbi unafungwa watu walikuwa wanakuja kusoma hayo maneno mawili tu.

Jagi lako la fedha Bibi anasema uje ulichukue mwenyewe, siku yoyote, na kwamba kuna keki. Mimi nitakuwa jalalani.

Uliandika "kwa uzembe na ujinga", ukurasa wa tisa. Uzembe umeshaulipia. Ujinga Bibi kasema tukusamehe.

Mimi sijasema.

Royston Tagg